Shume

Anayeingia Makumbusho ya Fujiko F. Fujio mjini Kawasaki, Japani, yaliyofunguliwa mwaka 2011, huona kurasa za manga (vibonzo vya Kijapani) zilizochorwa kwa mkono wa msanii huyo mwenyewe. Katika kurasa hizo yumo Doraemon, paka roboti wa buluu aliyetafunwa masikio na panya. Jina lake limetokana na "doraneko", paka anayezurura bila mwenyewe; "emon" ni kiishio cha majina ya kale ya wanaume wa Kijapani.

Kwa paka wa aina hiyo, siku hizi wengi wetu huandika "paka wa mtaani". Kwa nini, nasi tunalo shume? Ni neno zuri, lina ukali wote wa yule dume anayevizia samaki jikoni. Watafsiri wa manga, litumieni.