Virunga ku diski: albamu nne za Wakongomani waliovuka kwenda mashariki

Hapa Kyavinyonge mutu akitamka neno Virunga, kila mumoja wetu anafikiri mbuga: walinzi, viboko, masharti ya uvuvi ndani ya ziwa Edouard. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka wa 1925 kwa jina la Albert, na jina Virunga likaja mwaka wa 1969. Lakini kule Nairobi, kuanzia mwaka wa 1981, Virunga ni orkesta. Mutu akisikia jina hilo anafikiri gitaa, saksafoni na kucheza mpaka asubuhi.

Watu wengi wanatuomba nyimbo za zamani na wanasema tu: « Mutupigie ule wa Wakenya. » Kumbe mara nyingi si wa Wakenya. Ni wa Wakongomani walioacha inchi katika miaka ya 1970, wakapita Uganda, Zambia ao Tanzania, wakarekodi mbali na kwao. Ndiyo maana tumeandika habari hii juu ya albamu nne: ni nani aliyezifanya, wapi, mwaka gani, na juu ya nini inafaa tuzijue.

Juu ya nini waliondoka?

Kinshasa ilikuwa na orkesta nyingi sana. Franco na OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, kisha vijana wa Zaïko: mwanamuziki asiyekuwa na jina alikuwa anasubiri nyuma ya mlango. Uchumi nao ulianza kuharibika kisha mwaka wa 1973, wakati serikali ya Mobutu iliponyang'anya wageni biashara zao. Na ku mashariki njia ilikuwa wazi. Kampala, Dar es Salaam na Nairobi walipenda muziki wa Kongo, na mutu aliyejua Kiswahili kidogo aliweza kuimba na kueleweka. Tena Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kutengeneza diski.

Jambo lingine la kujua ni tofauti kati ya diski ndogo na diski kubwa. Wakati ule wimbo ulikuwa unatoka kwanza ku diski ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande unabeba dakika nne ao tano tu. Basi wimbo ulikuwa unakatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Mutu anacheza, ghafla kimya, anaenda kugeuza diski. Diski kubwa, ndiyo albamu, ilibeba karibu dakika ishirini kila upande. Hapo orkesta iliweza kuacha magitaa yaendelee bila kukatwa. Tena ilikuwa na karatasi ngumu ya nje yenye nafasi ya kuandika majina. Mushike jambo hilo la majina, tutalirudilia.

1. « Agwaya », Orchestra Makassy (1982)

Mzee Makassy ni Mukongomani aliyeanzisha orkesta yake Kampala katika miaka ya 1970. Wakati wa Idi Amin maisha yalikuwa magumu pale, kundi likahamia Dar es Salaam. Ni huko kijana mumoja wa Kindu, Remmy Ongala, alijiunga nao mwaka wa 1978. Kisha orkesta ikaenda Nairobi, lakini Remmy akabaki Dar. Albamu « Agwaya » ilirekodiwa Nairobi na ikatoka ku Virgin, nyumba ya diski ya Uingereza.

Virgin si jina dogo. Ni wao waliotoa mwaka wa 1977 albamu ya Sex Pistols, vijana wa panki waliotukana hata malkia wao. Ilikuwaje nyumba ya panki ikatafuta rumba ya Kampala na Dar? Bob Marley alikufa mwaka wa 1981, na wafanya biashara wa London walikuwa wanatafuta nyota mwingine kutoka inchi maskini. Island walimchukua King Sunny Adé wa Nigeria mwaka wa 1982. Virgin nao wakaja Nairobi. Makassy hawakuwa Bob Marley mupya, lakini albamu ilibaki. Mukipenda gitaa linalotembea polepole na sauti zinazoitikiana, muanzie hapo.

2. « Kaivaska », Orchestra Super Mazembe (1983)

Musichanganye hawa na timu ya mpira ya Lubumbashi. Orkesta hii ilizaliwa Zaïre mwaka wa 1967 kwa jina Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos. Walipita Zambia, wakafika Nairobi mwaka wa 1974, wakabadilisha jina. Mazembe, walisema, ni zile mashine kubwa zinazosukuma udongo wa barabara. Na kweli muziki wao unasukuma.

Wimbo wao « Kasongo », wa mwaka wa 1977, ni wa mwanamuke anayemuomba mume wake arudi nyumbani. Hapa kwetu, mahali mwanaume anaweza kuondoka kwa ajili ya samaki, dhahabu ao vita na kukaa miezi bila habari, wimbo huo hauhitaji kutafsiriwa, hata kama umeimbwa kwa Lingala. Baada ya « Kasongo » na nyimbo zingine kupendwa sana Afrika ya Mashariki, Virgin waliwachukua nao, ndiyo « Kaivaska » ikatoka. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 vijana wa Kenya, wengi wao waliozaliwa kisha mwaka wa 2000, walianza tena kuimba « Kasongo » ku simu zao. Wimbo wa miaka karibu hamsini!

3. « It's Disco Time », Samba Mapangala na Orchestra Virunga (1982)

Hii ndiyo yenye jina letu. Samba Mapangala hakuzaliwa huku. Ni mutoto wa Matadi, karibu na bahari, upande mwingine kabisa wa inchi. Aliimba Kinshasa, kisha akaja mashariki katikati ya miaka ya 1970, akaingia Uganda na kundi lililoitwa Les Kinois, maana yake watu wa Kinshasa. Mwaka wa 1977 wakafika Nairobi. Kundi hilo lilipoisha, mwaka wa 1981 aliunda lingine, na sasa hakulipa tena jina la Kinshasa. Alilipa jina la milima ya moto ya mashariki ya Kongo: Virunga.

Albamu ya kwanza ikatoka mwaka wa 1982, na wimbo « Malako » ndani yake. Nyimbo ni chache na ndefu, zingine karibu dakika kumi. Musikilize namna zinavyojengwa: besi inaingia, gitaa moja inashika njia, ya pili inajibu, saksafoni inakuja juu kama mutu anayecheka, na sauti ya Samba, nyembamba na safi, inapita Kiswahili na Lingala bila kubisha hodi. Mwaka wa 1990 nyumba ya Earthworks ya London ilizitoa tena nyimbo za wakati ule kwa jina « Virunga Volcano ». Watu wengi wa Ulaya walilijua neno Virunga kupitia diski hiyo. Baadaye Samba akahamia Marekani, na huko akaendelea kurekodi.

4. « Songs for the Poor Man », Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila (1989)

Tulimuacha Remmy Dar es Salaam. Alizaliwa upande wa Kindu mwaka wa 1947, wakati Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu. Kwa hiyo wazee wanaosema ni mutoto wa Kivu hawasemi uongo. Kisha kuachana na Makassy, aliingia orkesta Matimila. Kaseti yake moja ilifika mikononi mwa watu wa WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza, alisaidia kuanzisha. Wakamwita mwaka wa 1988. Mwaka uliofuata alirekodi albamu hii ku Real World, studio ya Gabriel katika kijiji cha Box.

Jina la albamu linasema yote: nyimbo za mutu maskini. Remmy hakuimba mapenzi tu. Aliimba kifo, njaa, ubaguzi, na sauti ya mnyonge. Kuko hata wimbo unaouliza muziki asili yake ni wapi. Mwaka wa 1992 akaongeza albamu nyingine ku Real World, « Mambo ». Wimbo wake juu ya kondomu na SIDA, « Mambo kwa Soksi », redio ya serikali ya Tanzania ilikataa kuupiga, lakini watu waliujua. Mwisho wa maisha yake aliimba nyimbo za Injili. Alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na mpaka leo kituo cha basi pale Sinza kinaitwa kwa Remmy.

Wimbo ni wa nani?

Sasa turudilie ile karatasi ya nje yenye majina. Wimbo tunaoombwa sana kati ya zote ni « Shauri Yako ». Wengi wanasema ni wa Super Mazembe, na ni kweli waliuimba, na ni wao walioufungua njia Ulaya ku diski « Guitar Paradise of East Africa » ya Earthworks. Lakini aliyeutunga ni Nguashi Ntimbo, Mukongomani mwingine, aliyeuimba na Orchestre Festival du Zaïre. Mazembe waliurudilia. Siku hizi wasanii wengine wanarudilia ule wa Mazembe, na kila mara jina la Nguashi linazidi kwenda mbali. Musikilizaji anacheza, anafurahi, na mutungaji anapotea.

Jambo hili si la zamani tu. Vijana wetu wa Butembo, Beni na hata hapa ku ziwa wanarekodi leo wimbo mumoja mumoja. Wimbo unapita ku kadi ya simu, sokoni, ku moto, ndani ya mtumbwi. Unafika Kasindi, unavuka Uganda. Lakini ndani ya kadi unaitwa « track 07 ». Hakuna karatasi, hakuna jina la aliyetunga, la aliyepiga gitaa, wala mwaka. Kisha miaka ishirini, nani atajua kama ni wa mutoto wa Kyavinyonge ao wa mutu wa Kampala? Katika inchi yetu SOCODA ndiyo inasimamia haki za watungaji, lakini haiwezi kumulipa mutu asiyeandikwa mahali popote.

Makassy, Mazembe, Samba na Remmy waliishi mbali na kwao, na pesa nyingi za nyimbo zao zilipita mikono mingine. Lakini kwa sababu kulikuwa albamu, na majina juu yake, leo tunaweza kusema huyu ni wa Kindu, huyu wa Matadi.

Basi, mukituandikia kuomba wimbo, muandike vitu vitatu: jina la wimbo, jina la orkesta, na kama munalijua, jina la mutungaji. Na ninyi wasanii, mukituletea wimbo wenu, mutuletee na karatasi: aliyetunga, walioimba, waliopiga, mahali na tarehe ya kurekodi. Tutavisoma hewani kabla ya wimbo kuanza. Na kama kuko mzee mwenye diski ya zamani nyumbani, hata iliyovunjika, asitupe ile karatasi ya nje. Ailete tuisome.