Volti Kumi na Mbili: Historia ya Kuchaji Betri katika Dadamu

Katika vituo vya biashara vya Dadamu, pembeni mwa mji wa Arua, kuna vibanda vya kuchaji ambamo simu hupangwa juu ya ubao, kila moja na namba yake. Sisi wanafunzi wa historia huvipita bila kuvitazama. Insha hii inaeleza chanzo cha kazi hiyo, na inadai kwamba ujuzi uliolelewa humo kwa betri ya gari unaweza kuwa hatari ukihamishiwa kwenye betri ya lithiamu polima.

Chanzo chake ni uhaba wa umeme. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa ya Uganda kwa muda mrefu. Arua ilitegemea jenereta, na baadaye bwawa dogo la mto Nyagak katika wilaya ya Zombo, lililoanza kazi mwaka 2012 likiwa na megawati 3.5 tu. Eneo hili liliunganishwa na gridi mwaka 2024. Kabla ya hapo, aliyetaka taa au redio nyumbani alibeba betri ya gari hadi kwa fundi, akairudia kesho yake.

Betri hiyo, ya risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina seli sita na ni mvumilivu. Chaja yake hupanda hadi karibu volti 14.4. Ikizidishiwa chaji kidogo, hutoa gesi na kupungukiwa maji, na fundi huongeza maji ya betri. Ikifa kabisa, mara nyingine hufufuliwa kwa kuchajiwa polepole usiku kucha. Hiyo ndiyo shule waliyosoma mafundi wetu, na waliifaulu vizuri.

Lithiamu ilikuja kwa njia nyingine. Stanley Whittingham alitengeneza betri ya lithiamu inayochajika katika miaka ya 1970, lakini lithiamu yake ya metali ilikuwa rahisi kuwaka. John Goodenough aliiboresha mwaka 1980 kwa kutumia kobalti, madini ambayo leo sehemu kubwa yake duniani hutoka kwa jirani zetu wa Kongo. Akira Yoshino akaiondoa ile metali mwaka 1985, na Sony ikaanza kuiuza mwaka 1991. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri ya polima ni ndugu wa hiyo: seli zake hufungwa katika mfuko laini badala ya kopo la chuma, kwa hiyo ni nyepesi, nayo hupendwa kwa ndege ndogo, magari ya kuongozwa kwa redio na roboti.

Miaka michache iliyopita tulipeleka betri ya namna hiyo kibandani, kwa ajili ya roboti ya maonyesho ya shule. Ilikuwa ya seli tatu, imeandikwa volti 11.1. Mzee fundi akachukua chaja ya betri ya gari.

"Mzee, hii si ya gari," mwenzangu akasema.

"Volti kumi na mbili ni volti kumi na mbili, mwanangu."

Hakuwa mjinga, alifuata uzoefu wa miaka mingi. Lakini seli ya lithiamu polima hujaa kwenye volti 4.2, yaani 12.6 kwa seli tatu. Ukigawa 14.4 kwa tatu unapata 4.8 kwa kila seli. Baada ya muda mfupi mfuko ulivimba kama andazi. Fundi aliichomoa na kuitupa kwenye mchanga nje. Ingewaka, simu za watu zingeteketea pamoja na kibanda.

Tangu siku ile tulijifunza adabu nyingine. Chaja iwe ya lithiamu, na waya mwembamba wa kusawazisha seli uchomekwe pia. Mkondo usizidi ukubwa wa betri: ya mAh 2200 ipewe ampea 2.2. Kabla ya kuchaji, pima kila seli kwa mita. Seli moja ikiwa nyuma sana ya wenzake, au ikishuka chini ya volti 3.0, usiilazimishe kwa chaja kubwa. Kuifufua usiku kucha ni desturi ya asidi. Iliyovimba au kutobolewa haichajiwi tena. Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na nyasi na magodoro, huku ukiitazama. Ya kuhifadhiwa ibaki karibu volti 3.8 kwa seli.

Kwa kuhitimisha, kosa la kibandani lilitokana na uzoefu ambao ulikuwa sahihi kwa kifaa kingine. Gridi imefika, lakini vibanda bado vipo na betri za lithiamu zinaongezeka humo. Mzee yule sasa ana chaja mbili, na kabla ya kuunganisha waya wowote huuliza kwanza: "Ina seli ngapi?"