Habari za Elektroni Katika Ukanda Bapa

Mwaka 1937 Waholanzi wawili, de Boer na Verwey, walifichua dosari kubwa katika elimu ya metali ya siku zile. Kwa hesabu iliyokubaliwa, oksidi ya nikeli ilipasa kupitisha umeme; kumbe haipitishi. Mwaka ule ule Peierls aliitaja sababu, naye Mott akaikuza: elektroni zasukumana, na kila moja yakaa katika atomu yake kwa kumwepuka jirani. Hesabu ya zamani ilizichukua moja moja, kana kwamba hazijuani. Mwaka 1963 Hubbard, Mwingereza, aliitia hoja hiyo katika kanuni fupi, ambayo hata leo haijafumbuliwa kwa ukamilifu ila katika hali chache.

Neno “ukanda” lataka maelezo. Ni jumla ya viwango vya nishati ambavyo elektroni yaweza kuwa navyo ndani ya fuwele. Ukanda wenye miteremko huipa elektroni mwendo. Ukiwa bapa mwendo hupotea, na kusukumana, hata kukiwa kudogo, ndiko kutawalako.

Mwaka 2011 Bistritzer na MacDonald, huko Texas, walipiga hesabu ya tabaka mbili za grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja, zilizolazwa kwa kupishana pembe ndogo. Aliyepata kulaza chandarua juu ya chandarua ameona mapambo makubwa yakizuka pasipo kufumwa na mtu. Ndivyo ilivyo hapa. Penye digrii 1.1 hivi ukanda huwa bapa. Mwaka 2018 Cao, Jarillo-Herrero na wenzao, huko Massachusetts, waliona kwamba ukanda ukijaa nusu umeme hukoma, na elektroni zikizidishwa au kupunguzwa kidogo hupita pasipo ukinzani wowote, katika baridi ya digrii 1.7 juu ya sifuri halisi.

Wengi walidhani kisa cha Mott kimerudi. Walifanya haraka. Mawimbi ya elektroni katika ukanda huu yamesokotwa kitopolojia, mfano wa fundo lisilofunguka pasipo kukata kamba, hata elektroni haziwezi kugawiwa nyumba moja moja bila kuuvunja ulinganifu wa fuwele. Mwaka 2023, katika telluridi ya molibdeni iliyopishanishwa vivyo hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipata umeme wa mkingamo wenye theluthi mbili za kipimo cha msingi, pasipo sumaku ya nje. Umeme wa mafungu ulionekana kwanza mwaka 1982, lakini chini ya sumaku kali mno.

Ama kiini cha ule upitaji bila ukinzani katika grafini, kwamba ni mitetemo ya atomu au ni kusukumana kwenyewe, wataalamu wangali wakishindana.