Sinia la Pilau na Hoja ya Takrima

Wali wa tui zito, mchuzi wa nguru, pilau ya nyama iliyokolea bizari: ni vyakula vya raha kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani. Lakini pwani hii haikuvila kwa raha tu. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikishuka Bagamoyo kutoka Unyamwezi, karamu ilikuwa siasa. Mwenye mali alitarajiwa kulisha watu. Aliyekaa kwenye sinia pamoja na wenye mji alijihesabu kuwa wa mji. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995, ameonyesha kuwa watumwa na wageni wa bara waligombea nafasi katika karamu hizo kwa sababu hiyo hiyo. Hawakufuata shibe peke yake, walidai uraia.

Tukumbuke hilo tunapojadili takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu wagombea kuitoa kwa jina la ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha kwa kukiuka Katiba.

Waliotetea takrima waliitaja jadi nusu. Sinia la zamani lilikuwa deni la mwenye mali kwa mji, na mlaji aliondoka na dai mkononi. Sinia la kampeni humfanya mlaji kuwa mdeni. Basi tule pilau, maana ni tamu. Ila tusikubali iwe risiti ya haki zetu.