Bangili ya Lueji na Taji la Reims

Ndugu vijana, wengi wetu tuliosomea ualimu tulikariri majina ya wafalme wa Ufaransa kabla ya kujua jina hata moja la watawala wa Musumba. Na Musumba haiko mbali: iko katika jimbo letu hili la Lualaba, upande wa Kapanga. Tusilalamike kwa hilo. Tuziweke tawala hizi mbili bega kwa bega, kwa maana zote mbili zilikutana na swali moja: mfalme akifa, nani anaketi?

Mwaka 987 wakubwa wa Ufaransa walimchagua Hugues Capet. Aliyechaguliwa anajua kwamba kesho anaweza kuchaguliwa mwingine, kwa hiyo kabla ya mwaka kwisha Hugues alimtia taji mwanawe Robert, yeye mwenyewe akiwa hai bado. Warithi wake walifuata njia hiyo kwa karibu miaka 200. Philippe Auguste, aliyetiwa taji mwaka 1179 wakati baba yake yu hai, ndiye wa kwanza kuona kwamba mwanawe hahitaji tena kinga hiyo. Wakati huo watu walikwisha kuzoea kwamba mtoto humfuata baba. Ukoo huu ndio uliomtoa Mtakatifu Louis. Kwa miaka 329 hakuna mfalme wao aliyekufa bila kuacha mtoto wa kiume. Bahati, si sheria, ndiyo iliyowalinda.

Bahati hiyo ilikwisha mwaka 1316. Louis wa Kumi alikufa akiacha binti wa miaka minne, Jeanne, na mjane mwenye mimba. Mtoto akazaliwa mwanamume, akaitwa Jean, akaishi siku tano tu. Baba mdogo wa Jeanne, Philippe, hakungoja: Januari 1317 alipakwa mafuta huko Reims, kisha mkutano ukaitishwa Paris na kutamka kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Tuangalie mpangilio huo. Kiti kilikaliwa kwanza, kanuni ikatamkwa baadaye. Na ile Sheria ya Wasali, inayotajwa sana vitabuni, wanasheria waliitafuta miaka mingi baadaye ili kulipa jambo hilo sura ya ukale. Philippe naye alikufa mwaka 1322 akiacha mabinti tu, na kanuni aliyoipitisha ikawanyima watoto wake mwenyewe. Ndugu yake Charles akafa mwaka 1328 bila mwana. Wafaransa wakamchukua binamu, Philippe wa Valois, huku Edward wa Tatu wa Uingereza, aliyezaliwa na dada wa wafalme hao, akidai haki kwa upande wa mama. Vita vilivyoanza mwaka 1337 vilidumu, kwa kuanza na kusimama, mpaka 1453.

Sasa turudi nyumbani. Mapokeo ya Walunda yanasema mzee Konde alikuwa akisuka mkeka, na pembeni yake chungu cha maji ya kulowekea nyuzi. Wanawe Kinguri na Cinyama walifika wamelewa, wakadhani ni pombe ya mnazi, wakaidai, na baba alipokana wakampiga. Binti yake Lueji, ambaye wengine humwita Ruwej, ndiye aliyemuuguza. Kabla ya kufa, mzee aliwanyima wanawe lukano, bangili ya utawala, akampa binti. Baadaye Lueji aliolewa na Cibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba, na siku za kutengwa kwake kwa desturi alimkabidhi lukano aishike. Ndugu zake hawakuvumilia kuona bangili ya baba yao mkononi mwa mgeni. Wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi na kusini.

Wanahistoria wengi huona kwamba majina haya ni ya vyeo zaidi kuliko ya watu, na kwamba kisa kinaeleza jinsi vyeo hivyo vilivyohusiana. Sisi tunakubali, na hapo ndipo utajiri wenyewe ulipo. Kwa Walunda, aliyerithi cheo hakurithi kiti peke yake. Alirithi jina la marehemu, wake zake, watoto wake, na udugu wake wote. Ikiwa wa kwanza katika cheo fulani alikuwa mdogo wa mwenye cheo kingine, basi hata baada ya vizazi kumi waliovishwa vyeo hivyo waliitana mkubwa na mdogo, ingawa hawakuwa na damu moja. Ndiyo sababu Kazembe wa Luapula, mbali ng'ambo ya mashariki, aliendelea kuwa mwana wa Mwant Yav.

Na wanawake? Katika mapokeo Lueji hakuzaa. Mrithi alizaliwa na mke mwingine aliyepewa mumewe. Musumba haikumfuta yeyote kati ya hao wawili. Swana Mulunda aliendeleza cheo cha Lueji, na Lukonkeshia akawa mama wa mfalme kwa cheo, mwenye baraza lake na watumishi wake. Mwant Yav hakuwa lazima mwana wa kwanza. Wakubwa wa baraza walichagua miongoni mwa wana wa wafalme waliotangulia.

Uchaguzi wa namna hiyo huacha wana wengi waliokosa. Kwa muda mrefu baraza liliweza kuwazuia. Lakini karibu mwaka 1874 Mbumb alitwaa lukano kwa msaada wa Watshokwe, wawindaji wa pembe za ndovu wenye bunduki, na bunduki hizo hazikukopeshwa bure. Malipo yalikuwa watu. Mbumb alipokufa mwaka 1883, wadai wengine walijifunza kwake mahali pa kutafuta nguvu, na wafalme kadhaa wakafuatana upesi. Mreno Henrique de Carvalho alipofika Musumba mwaka 1887 alikuta ufalme uliosambaratika.

Mushid na ndugu yake Kawele ndio waliowafukuza Watshokwe mwaka 1898, lakini wakati huo Dola ya Kongo ya mfalme Leopold ilikuwa tayari imeingia. Mushid akapigana nayo, akauawa mwaka 1907, na Muteb akaketi kwa idhini ya wakoloni. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ikaweka kwamba chifu aliyechaguliwa kwa desturi hana mamlaka mpaka apokelewe na mkuu wa serikali. Toka hapo wakubwa wa Musumba walichagua mtu wao, kisha wakangoja jibu kutoka ofisini.