Kichwa cha treni na rula

Haya wadau, boom limeingia na kichaa changu kimepanda. Nimenunua kichwa kingine cha treni ya mfano ya Ireland, kile cheusi na machungwa cha shirika la CIÉ. Mwenzangu wa chumbani kacheka hadi basi: "Mwalimu mzima unanunua midoli?"

Nikampa rula, nikamwambia pima reli. Milimita 16.5. Sasa, mfano huu umepunguzwa mara 76, na reli za Ireland zina upana wa milimita 1600. Gawa mwenyewe: inatakiwa 21! Watengenezaji wanatumia reli zilezile za mifano ya Kiingereza, basi treni yangu imebanwa miguu.

Upana huo ulitoka wapi? Reli ya kwanza Ireland, Dublin hadi Kingstown, ilifunguliwa 1834 kwa milimita 1435. Ya Ulster ikaja 1839 na kama 1880. Ya Drogheda, 1844, ikawa na 1575. Kila kampuni na lwake, zingekutanaje? Mwaka 1846 Bunge la London likapitisha sheria: Uingereza 1435, Ireland 1600, kipimo ambacho hata moja kati ya hizo tatu haikuwa nacho. Ikabidi zing'oe reli zao na kutandika upya.

Jamaa kanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lete nikiendeshe."

Nikienda field naenda nacho, pamoja na rula. Ila mpaka mwisho wa mwezi, jamani, ni mihogo tu.