Ukoloni kwa Kalamu ya Watumishi

Somo la ukoloni katika shule za nchi zetu huanzia Berlin. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, na kwamba hakuna Mwafrika aliyeketi mezani. Hufuata mikataba, mipaka na majina ya magavana, hadi siku bendera ya mkoloni iliposhushwa. Mambo hayo ni kweli tupu, na mtihani huyataka. Hata hivyo, sisi tuliokaa na somo hili miaka kadhaa tumeona jambo moja ambalo walimu wa sarufi watalitambua upesi: katika sentensi karibu zote za vitabu hivyo, Mzungu ni mtenda na Mwafrika ni mtendwa. Haidhuru mwandishi awe anamsifu Mzungu huyo au anamlaani. Mtendwa hasemi.

Tuitazame Kongo, jirani yetu sote. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliimiliki nchi hiyo tangu 1885 hadi 1908 kama mtu anavyomiliki shamba lake, wala hakuikanyaga hata siku moja. Habari za mpira na mikono iliyokatwa zilithibitishwa mbele ya ulimwengu na ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904. Mfalme akalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Tume ilisikiliza mashahidi wengi wa Kiafrika na maneno yao yakaandikwa. Lakini ripoti ilipochapishwa mwaka 1905, ushahidi huo haukuchapishwa pamoja nayo, bali ulifungiwa katika nyaraka kwa miaka mingi. Kwa hiyo hata pale mtendwa alipoulizwa akajibu, jibu lake liliwekwa kabatini.

Nacho Kiswahili kilikuwa wapi? Swali hili si tamu kwa wapenzi wa lugha yetu, lakini halikwepeki. Kilikuwapo, na mara nyingi kilikuwa upande wa mwenye bunduki. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikubali kuwa liwali wa Leopold huko Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani. Msafara wa Stairs, ambao mmoja wa maofisa wake alimpiga risasi na kumwua Msiri, mtawala wa Katanga, tarehe 20 Desemba 1891, ulitegemea wapagazi na askari walioajiriwa Pwani. Kisha ikaja shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na vibarua wakakusanywa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Rwanda na Burundi. Watu wa lugha nyingi namna hiyo walihitaji lugha moja ya kambini, na Kiswahili kikashika nafasi hiyo. Vijitabu walivyotungiwa Wazungu wageni ili wajifunze lugha hii vilijaa vitenzi vya kuamuru. Ni lugha ya lete, ya beba, ya ondoka. Msomaji angedhani kwamba Kiswahili hakina njeo nyingine.

Basi ni katika mji huohuo wa Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu 1966, kwamba waliokuwa wakiamriwa walikigeuza Kiswahili hicho kuwa chombo chao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ni kurasa 33 zilizopigwa taipu na kurudufiwa. Jina lake ni la Kifaransa, maana yake msamiati wa mji wa Elisabethville, ingawa si kamusi hata kidogo. Kwa miaka mingi halikujulikana mbali na mji wake, hadi mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipolichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990.

Mwalimu wa kawaida akiletewa kurasa hizo ziwe insha ya kidato cha pili, angezirudisha zimejaa wino mwekundu. Watu ni batu, Wazungu ni bazungu. Maneno yameunganishwa au kukatwa pasipotarajiwa, na nukta ni adimu. Hatuwalaumu walimu, mtihani ni mtihani. Lakini ifaa tukumbuke mizani hii ilitoka wapi. Kamati iliyosanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Vibarua na watumishi wa Katanga hawakuwa na kiti katika kamati hiyo, kama ambavyo babu zao hawakuwa nacho Berlin.

Nazo kurasa za Yav zina nini? Zina ukoloni uliotazamwa kutoka jikoni. Mtumishi alimjua bwana kuliko gavana alivyomjua: alimpikia, alimfulia, alimlelea watoto, alimsikia akigombana na mkewe. Huyo ndiye aliyeitwa boi, neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume, akaitwa hivyo hata alipokuwa na wajukuu. Watumishi hao wanajitaja wenyewe kwa neno hilohilo. Sisi tunaona kwamba neno lililokuwa tusi limefanywa cheo cha shahidi.

Zimo pia habari za batumbula, yaani watu waliosemwa kuwa huwakamata wenzao usiku ili Wazungu wawale. Mwanahistoria wa nyaraka ataitupa habari hiyo mara moja, na sisi hatusemi kwamba Wazungu wa Elisabethville walikula watu. Tunasema kwamba huu ni ushahidi wa namna nyingine. Watu waliletwa kwa maelfu kutoka vijiji vya mbali, wakaingia migodini na katika yadi za Wazungu, na wengine hawakuonekana tena. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa mji huo walipogoma wakidai mshahara, askari waliwafyatulia risasi, wakafa watu makumi kadhaa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, kiongozi wao. Kumbukumbu za watu na hesabu za serikali hazikubaliani juu ya idadi yao. Mahali kama hapo, hofu ya kuliwa haikuhitaji mchawi wa kuieneza. Kwa maoni yetu, habari ya batumbula inaeleza jinsi uchumi wa mgodi ulivyoonekana na waliomezwa nao, tena kwa usahihi ambao hesabu za kampuni hazina.

Fabian mwenyewe, ingawa alikuwa bingwa wa Kiswahili cha huko, alikwama katika maandishi yale. Ufumbuzi ulipatikana pale Kalundi Mango, mwenyeji wa Lubumbashi, alipoyasoma kwa sauti. Yaliyoonekana kuwa makosa kwenye karatasi yalikuwa sentensi timamu masikioni. Nasi tunapendekeza, ndugu walimu, kwamba andiko hili lisomwe hivyohivyo darasani: ukurasa mmoja kwa sauti, kalamu nyekundu ikiwa mfukoni, kisha ukurasa mmoja wa kitabu cha historia cha shule, na wanafunzi waulizwe katika kila sentensi mtenda ni nani.